Jinsi ya kuanza kazi ya kuchunguza ukuaji wa seli kwa kutumia chachu ya pombe

Jina la kisayansi la kiumbe kinachoelezwa hapa ni Schizosaccharomyces pombe, na neno la pili ni lile lile unalolijua. Mwaka 1893 Mjerumani Paul Lindner aliitenga chachu hii kutoka kwenye pombe ya nafaka ya Afrika Mashariki, akaiachia jina la Kiswahili la kinywaji alichoikuta ndani yake. Miaka ya 1950 Murdoch Mitchison wa Edinburgh akaanza kuitumia kupima jinsi seli moja inavyokua. Paul Nurse, aliyejifunza kazi hiyo kwa Mitchison, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2001 pamoja na Leland Hartwell na Tim Hunt kwa kuonyesha ni nini kinachoamua seli igawanyike lini.

Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi wa biokemia, mikrobiolojia au biolojia ya molekuli anayetaka kufanya uchunguzi wa ukuaji wa seli kuwa kazi yake. Kabla ya mashine za kusoma DNA na kabla ya seli za saratani, jifunze kupima. Wanaoanza hukosea zaidi kwa kuchanganya mambo mawili: kukua na kuongezeka. Seli hukua inapozidi ukubwa, huongezeka inapogawanyika. Kwenye seli za binadamu kuyatenganisha mambo hayo ni kazi ngumu na ya gharama. Chachu ya pombe inakurahisishia kwa sababu ina umbo la kijiti. Upana wake, maikromita 3 hadi 4, haubadiliki sana. Inakua kwenye ncha tu. Ikifika urefu wa kama maikromita 14 inajenga ukuta katikati na kuwa seli mbili. Ukiujua urefu wa seli, umejua imefika wapi katika mzunguko wake.

Kupata mbegu

Usianze na chachu uliyoitoa kwenye pombe ya kienyeji. Humo mna mchanganyiko wa viumbe, na mara nyingi inayotawala ni ile ya hamira, ambayo huzaa kwa kuchipua pembeni badala ya kujikata katikati. Hata aina inayotumika maabara leo haitoki moja kwa moja kwenye pombe yetu: inatokana na chachu ya juisi ya zabibu ambayo Urs Leupold wa Uswisi aliichagua miaka ya 1940.

Omba aina ya asili iitwayo 972 h⁻, kisha mutanti wawili (chachu zenye jeni moja iliyobadilika): cdc25-22 na wee1-50. Maabara nyingi zinazofanya kazi na chachu hii hugawiana mbegu bila kinyongo. Pia kuna hazina za kudumu kama YGRC ya Osaka, Japani, na NCYC ya Norwich, Uingereza. Kabla ya kuagiza, pitia ofisi ya usalama wa maabara ya chuo chako upate kibali cha kuingiza; kifurushi kikikwama bandarini kwenye joto wiki tatu, unaweza kupokea chachu iliyokufa.

Epuka aina iitwayo h⁹⁰ kwa kazi ya ukuaji. Hiyo hubadili jinsi yenyewe, na chakula kikipungua huanza kujamiiana na kutengeneza spora ngumu, kisha urefu unaoupima hauna maana tena.

Mbegu ikifika, paka kwenye sahani ya agari, subiri siku 3 kwenye nyuzi 30 (mutanti wote wawili kwenye nyuzi 25, siku 4 au 5), chukua koloni moja (kidoa kilichotokana na seli moja), ikuze, ihifadhi kwenye gliserini asilimia 25 hadi 30 kwa nyuzi 80 chini ya sifuri. Sahani iliyoko kwenye friji ni ya kazi ya wiki chache tu. Ukiendelea kuchota kutoka sahani ile ile miezi mitatu, unachunguza kizazi kingine kilichokwisha kubadilika, na hakuna atakayeweza kurudia matokeo yako.

Mchuzi wa chakula

Mchuzi wa kawaida huitwa YES. Kwa lita moja: gramu 5 za dondoo la chachu, gramu 30 za glukosi, na miligramu 225 za kila kimoja kati ya adenini, histidini, lusini, urasili na laisini haidrokloridi. Kwa sahani ongeza gramu 20 za agari. Tumia glukosi ya maabara. Ile ya kopo inayouzwa madukani mara nyingi imeongezwa vitamini na madini, na kipimo chake hakijulikani.

Chemsha kwa mvuke kwenye nyuzi 121 kwa dakika 15 hadi 20. Glukosi ikichemshwa pamoja na dondoo la chachu huungua kidogo na mchuzi hugeuka kahawia. Kahawia hiyo huvuruga kipimo cha mwanga na kasi ya ukuaji hubadilika kati ya chungu na chungu. Njia safi ni kuichemsha glukosi peke yake kama maji mazito ya asilimia 40, halafu kumimina mililita 75 kwenye mililita 925 za vingine vilivyokwisha kupoa.

Kama otoklevu, yaani mashine ya kuchemshia kwa mvuke wa presha, hakuna, sufuria ya presha inafanya kazi, ila fahamu jambo moja. Presha ya pauni 15 hutoa nyuzi 121 pwani, usawa wa bahari. Nairobi, penye mwinuko wa karibu mita 1,700, presha hiyo hiyo ya geji inakupa nyuzi 118 hivi, maana hewa ya nje ni nyepesi. Ongeza muda hadi dakika 30, na kila mara acha chupa moja ya mchuzi bila kuitia kitu, siku mbili kwenye joto la chumba. Ikipata ukungu, chungu chote ni cha kumwaga.

Kuandaa chachu iliyo katika kasi

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, na kosa halionekani kwa macho. Chachu iliyolala usiku kucha kwenye mchuzi uliojaa imesimama: seli ni fupi, zina njaa, na ukizitia kwenye mchuzi mpya zitasitasita saa kadhaa kabla ya kuanza. Vipimo vya saa hizo havionyeshi tabia ya jeni yoyote. Vinaonyesha seli zinazoamka. Unataka seli ambazo zimezaana bila kukatizwa kwa vizazi visivyopungua sita, zikiwa kati ya milioni 2 na milioni 10 kwa mililita.

Fanya hivi. Asubuhi tia koloni moja kwenye mililita 5 za YES, tikisa kwenye nyuzi 30. Kesho yake jioni ipunguze makali, yaani chota kidogo utie kwenye mchuzi mpya, ili ikukute asubuhi inayofuata ikiwa mahali unapopataka. Hesabu yake ni muhimu kuijua kichwani. Tuseme unataka seli milioni 4 kwa mililita saa 3 asubuhi, na unapanda saa 11 jioni. Hapo katikati kuna saa 16. Kwenye YES ya nyuzi 30 chachu hii hujizidisha maradufu kwa takriban saa 2 na nusu, kwa hiyo itafanya mizunguko 6.4, yaani kuzidi mara 84. Gawa milioni 4 kwa 84: uanze na seli 48,000 kwa mililita. Kwa mililita 50 unahitaji seli milioni 2.4. Kama mchuzi wa kwanza una seli milioni 10 kwa mililita, chota maikrolita 240. Kama mchuzi huo umeshasimama, usingizi utakula saa kadhaa, basi ongeza kiasi au, bora zaidi, uamshe kwanza mchana kutwa.

Mililita 50 ziwe kwenye flaski ya mililita 250, si ndogo zaidi. Mchuzi usizidi sehemu moja ya tano ya chombo, na mtikiso uwe wa mizunguko 150 hadi 200 kwa dakika, la sivyo hewa haitoshi. Umeme ukikatika na mashine ikasimama, seli huzama chini na kukosa hewa. Ikipita nusu saa, andika kwenye daftari, na siku hiyo usitumie vipimo vile kuhesabu kasi.

Kuhesabu

Tumia kioo cha kuhesabia cha Neubauer. Mraba mkubwa wa milimita moja kwa moja, wenye kina cha milimita 0.1, hubeba sehemu moja ya elfu kumi ya mililita. Idadi ya seli kwenye mraba huo zidisha kwa 10,000, kisha kwa kiasi ulichopunguza makali. Seli milioni 2 kwa mililita zitakupa 200 kwenye mraba mzima, zinahesabika. Zikifika milioni 10 mraba una 1,000. Hesabu visanduku 5 kati ya 25 vya katikati, zidisha kwa 5.

Seli zinazogusa mstari wa juu na wa kushoto hesabu, za chini na kulia acha. Seli yenye ukuta katikati ni moja mpaka zitengane kabisa. Unaweza kuchagua kanuni nyingine, lakini ukiichagua usiibadili katikati ya jaribio, maana kwenye chachu inayozaana kwa kasi seli zenye ukuta ni kama 10 hadi 15 kati ya kila 100, na kosa hilo peke yake linatosha kuzaa ugunduzi wa uongo. Hesabu angalau seli 400: kosa la bahati ni kipeuo cha pili cha idadi, yaani 20, sawa na asilimia 5. Ukihesabu 50 tu, kosa ni asilimia 14, na hapo tofauti kati ya mutanti na asili humezwa.

Kabla ya kujaza kioo, tikisa bomba kwa nguvu. Seli huzama kwa dakika chache tu, na mwenye haraka huchota maji ya juu yasiyo na kitu.

Chukua kipimo kila saa moja, saa sita mfululizo. Mfano: saa 3 asubuhi milioni 2, saa 8 mchana milioni 8. Zimezidi mara nne, yaani maradufu mara mbili ndani ya saa 5. Muda wa maradufu ni saa 2 na nusu. Lakini usitegemee nukta mbili. Chora logi ya idadi dhidi ya saa, na tumia tu kipande kilichonyooka. Mstari ukianza kulala, mchuzi unachoka.

Spektrofotomita kwenye nanomita 595 hufanya kazi kwa haraka zaidi, na kwa chachu hii 0.1 ni takriban seli milioni 2 kwa mililita. Takriban tu: kila mashine ina yake, kwa hiyo jenga jedwali lako mwenyewe kwa kulinganisha na kioo. Juu ya 0.6 punguza makali kwanza, maana mwanga unaotawanyika unarudi kwenye kihisi na mashine inakupa namba ndogo kuliko ukweli. Na kumbuka mashine hiyo haihesabu seli. Inapima ukungu, na seli moja ndefu hutoa ukungu zaidi ya fupi. Jambo hilo litakufaa hivi punde.

Kupima urefu

Weka maikrolita 2 za mchuzi kwenye slaidi, funika bila kukandamiza, tumia lenzi ya 100 yenye mafuta au ya 60. Piga picha, na ya kwanza kabisa iwe ya rula ya hadubini, slaidi yenye mistari ya maikromita 10. Bila picha hiyo hutajua pikseli moja ni maikromita ngapi, na mtu akibadilisha kamera mwezi ujao picha zako zote zitakuwa hazina kipimo. Programu ya kupimia picha iitwayo Fiji ni ya bure na inatosha.

Pima seli zenye ukuta wa kati tu, kutoka ncha hadi ncha, zisizopungua 100. Seli zisizo na ukuta zina umri wowote, na wastani wake hauelezi kitu chochote cha maana. Zenye ukuta zote ziko hatua moja: zimeamua kugawanyika. Kwa aina ya asili kwenye YES utapata kama maikromita 14, na seli nyingi zitapishana kwa maikromita moja tu. Kupishana kudogo namna hiyo ndiko kulikowafanya watu waulize seli inajuaje ukubwa wake, swali ambalo bado lina maabara zinazoshindana kulijibu. Ukipata kupishana kwa maikromita 3, kwanza shuku kazi yako: seli zilizoinama, ukuta uliokosewa, au mchuzi uliozeeka ambamo seli hugawanyika zikiwa fupi.

Ukuta huonekana kwa hadubini ya kawaida kama mstari mwembamba. Kama kuna hadubini ya mwanga wa urujuanimno, rangi ya kalkofluo huung'arisha vizuri zaidi.

Seli inapokaribia kugawanyika huacha kurefuka, kama robo ya mwisho ya mzunguko. Baada ya kuzaliwa huanza kukua kwenye ncha ya zamani, na baadaye ncha mpya, ile iliyotokana na ukuta, nayo huanza. Tena, wakati seli mbili zinapoachana DNA huwa tayari inanakiliwa, hivyo mashine ya kupima DNA ya seli moja moja itakuonyesha karibu zote zina nakala mbili. Wengi hudhani wamepokea mbegu isiyo sahihi wakaitupa. Ndivyo chachu hii ilivyo.

Jaribio linalotenganisha kukua na kuongezeka

Protini ya cdc2 ndiyo inayoisukuma seli igawanyike. Wee1 huifunga kwa kuibandika fosfeti. Cdc25 huitoa fosfeti hiyo na kuifungua. Neno «wee» ni la Kiskoti, maana yake kadogo, kwa sababu mutanti huyo aliyepatikana Edinburgh hugawanyika akiwa na karibu nusu ya urefu wa kawaida. Mwaka 1987 Melanie Lee na Nurse walionyesha kwamba jeni ya binadamu inaweza kushika nafasi ya cdc2 kwenye chachu, ishara kwamba mfumo huu tunao na sisi; dawa za kuzuia WEE1 ya binadamu zimejaribiwa kwa wagonjwa wa saratani.

Kuza cdc25-22 kwenye nyuzi 25 hadi seli milioni 2 kwa mililita, kisha ihamishe kwenye maji ya moto yanayotikisika ya nyuzi 36 kwa saa 4. Kila nusu saa hesabu kwa kioo, pima ukungu, na weka sampuli ya picha. Baada ya zile zilizokwisha kuanza kugawanyika kumaliza, hesabu itasimama. Ukungu utaendelea kupanda. Kwenye hadubini utaona vijiti vya zaidi ya maikromita 20 visivyo na ukuta. Kuongezeka kumezuiwa, kukua kunaendelea, na vipimo vyako viwili vimeachana njia mbele yako.

Ukiirudisha haraka kwenye nyuzi 25 kwa kuzungusha flaski kwenye maji ya barafu (kipimajoto kiwe ndani, usishuke chini ya 25), seli zitagawanyika karibu pamoja, na baada ya saa moja hadi moja na nusu hivi zitakuwa na ukuta. Wimbi likiwa bapa, ama moto haukufika 36, ama upoaji ulichukua dakika nyingi. Fanya wee1-50 vivyo hivyo: idadi itaruka ghafla mwanzoni, kwani seli za urefu wa kati nazo zimeruhusiwa, kisha itarudi kwenye kasi inayokaribia ya kawaida, seli zikiwa fupi.

Onyo kwa walio pwani: inkubeta nyingi hupasha tu, hazipozi. Chumba cha Dar es Salaam kikiwa na nyuzi 31, inkubeta iliyoandikwa 25 ina 31, na cdc25-22 wako anaanza kuumwa kabla ya jaribio. Tafuta yenye kipoza, au chumba cha kiyoyozi chenye kipimajoto unachokiamini.

Kutoka jaribio hadi ajira

Njia ya masomo inajulikana: shahada ya kwanza, uzamili, kisha uzamivu wa miaka 3 hadi 5, na baada yake miaka kadhaa ya utafiti chini ya mwingine kabla ya kupata maabara yako. Idara kama ile ya Biolojia ya Molekuli na Bioteknolojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hutoa msingi wake. Kinachotofautisha waombaji wenye vyeti vinavyofanana ni kama mtu ana data yake na anaweza kuitetea.

Rudia jaribio mara tatu, kila mara kutoka koloni tofauti na siku tofauti. Kuhesabu flaski moja mara tatu si marudio matatu, na mhoji atakuuliza hilo mapema. Jifunze R au Python, lugha za kompyuta za kuchambua data, kiasi cha kuchora nukta zote, si nguzo za wastani pekee. Soma ukurasa wa kila jeni unayoitaja kwenye PomBase, hifadhidata ya bure ya chachu hii, yenye jeni zipatazo 5,000.

Barua kwa mwenye maabara iwe fupi. Taja swali moja kutoka kazi yake, eleza kwa sentensi mbili ulichopima, ambatisha grafu moja yenye idadi ya seli ulizohesabu, na sema una picha ghafi. Ziweke picha hizo sehemu mbili tofauti, majina ya faili yakiwa na tarehe, aina, nyuzi joto na dakika, pamoja na ile picha ya rula.